Benki imenipa kifaa nisichoweza kukisoma

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, huu mwaka wa kumi na tisa. Miaka minne iliyopita presha ya macho ilinimalizia nuru. Sasa naona mwanga tu, herufi sizioni tena. Benki yangu hapa ilinipa kile kidude kama kikokotoo: unachomeka kadi, unaweka namba ya siri, kinatoa tarakimu nane za kuingilia kwenye akaunti. Tarakimu hizo ananisomea binti yangu wa miaka kumi na minne, na siku nyingine hata namba ya siri anaibonyeza yeye. Nilipowapigia simu benki waliniambia nipakue programu yao. Simu yangu ni ya vitufe. Je, kuna kifaa cha sisi tusioona, au niachane na kufanya mambo ya benki nikiwa nyumbani nirudi kupanga foleni? Mdogo wangu aliyeko Tanga naye haoni, na kwenye pesa za simu anapata taabu ya namna hii hii. Tusaidie.

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa macho. Nami sioni tangu ujanani, na kazi iliyonilisha miaka mingi ni kupima tovuti, programu na vifaa, kuona kama mtu asiyeona anaweza kuvitumia. Vidude hivi vya benki nimevipapasa vingi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Kifaa kinachosema kipo. Una haki ya kukiomba, na hupaswi kutozwa hata peni moja. Foleni usiirudie.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo la kufanya leo, lisingoje kesho: badilisha namba yako ya siri. Piga simu benki, uliza utaibadilishaje bila mtu mwingine kuiona, na ikishabadilika ikae kichwani mwako peke yako. Simshuku binti yako hata chembe. Anakusaidia kwa mapenzi, Mungu ambariki. Ila usalama wa kifaa kile umesimama kwa miguu miwili: kitu ulicho nacho, yaani kadi, na kitu unachokijua, yaani namba ya siri. Mwenye vyote viwili, kwa hesabu za benki, ndiye wewe. Kanuni za Huduma za Malipo za Uingereza za mwaka 2017 zinamlinda mteja aliyeibiwa: benki inarudisha pesa, na kiasi ambacho mteja anaweza kubebeshwa kwa kawaida hakizidi pauni 35. Ulinzi huo unaweza kuporomoka wote ikionekana mteja alifanya uzembe mkubwa katika kutunza siri zake. Sasa angalia walivyokuweka. Wamekupa kifaa bubu, kikakulazimisha kumtafuta mtu wa kukusomea, na siku pesa zikipotea watakuwa na la kusema: namba yako ya siri ulimpa mwingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mambo haya. Mteja anayeona anafuata sheria bila hata kuifikiria, na asiyeona analazimika kuivunja kila anapotaka kujua salio lake.

Ngoja nikueleze kinachofanyika ndani ya kidude chako, maana ukikielewa hutatishwa na neno "usalama" kwenye simu.

Visoma kadi, yaani vidude kama chako, vilianza kugawiwa Uingereza mwaka 2007, benki ya Barclays wakiwa miongoni mwa wa mwanzo. Chao walikiita PINsentry. Zama hizo matapeli walikuwa wakituma barua pepe za uongo, mtu anaandika nywila yake kwenye tovuti bandia, kunapokucha akaunti nyeupe. Dawa iliyoletwa ni tarakimu zinazofanya kazi mara moja tu. Ukichomeka kadi na kuweka namba ya siri, anayepiga hesabu ni chipu ya kadi yenyewe, kwa ufunguo wa siri uliofungiwa ndani yake pamoja na kihesabio kinachopanda kila unapoitumia. Kazi ya kisoma kadi ni kuipa chipu umeme, kupokea jibu lake na kuligeuza kuwa tarakimu nane. Chenyewe hakikujui. Hakina jina lako, hakina akaunti yako, hakina siri yoyote iliyo yako peke yako. Mke wako akiwa na akaunti benki hiyo hiyo, anaweza kuchomeka kadi yake kwenye kisoma kadi chako na kitamfanyia kazi vilevile.

Maana ya hilo ni kubwa kwako. Kukuondolea kisoma kadi cha kioo na kukupa cha sauti hakugusi ufunguo wowote, wala hakulegezi chochote kwenye chipu. Ni sawa na kubadilisha taa ya chumba: ukuta ni ule ule, mlango ni ule ule. Ukiomba kifaa kinachosema na afisa akakujibu "usalama hauruhusu", jua hajakielewa kifaa cha benki yake mwenyewe.

Kuna na aina ya pili, isiyo na pa kuchomeka kadi, kama Secure Key ambayo benki ya HSBC walianza kuigawa mwaka 2011. Hiyo siri yake imo ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo cha sauti nacho lazima kisajiliwe kwa akaunti yako kabla hakijafanya kazi. Ni dakika chache za simu. Nakutajia tu ili ukihamia benki nyingine usichanganyikiwe; chako kwa maelezo yako ni cha kuchomeka kadi.

Niliyoyapata na kifaa changu cha kwanza huenda yakakusaidia kuepuka yaliyonipata. Kilikuja ndani ya bahasha, chepesi kama kiberiti. Vitufe vyake vilikuwa vya mpira laini, vimelala sawa na ganda, na nilipotafuta ile nukta ndogo inayowekwa juu ya tano ili kidole kijue kiko wapi, haikuwepo. Nikahesabu safu kutoka juu. Nilidhani moja iko juu kama kwenye simu, maana vikokotoo huanza na saba juu na moja chini, na hakuna aliyenieleza kifaa hiki kimefuata mpangilio upi. Nikabonyeza tarakimu nne, nikabonyeza kitufe nilichokidhania ni cha kukubali, kimya. Nikarudia, kimya. Nikarudia tena. Kumbe muda wote huo kifaa kilikuwa kinaandika kwenye kioo kwamba namba si sahihi, na kila kosa chipu ilikuwa inalihesabu. Mara ya tatu kadi ikajifunga. Sikujua mpaka jioni yake, Jumamosi, nimesimama dukani na mkate, maziwa na vitunguu, kadi ikakataa na watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikaenda mpaka Jumanne bila pesa. Nilipowaeleza benki ile, waliniuliza kwa nini sikusoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo hicho ulicho nacho sasa usijaribu kukibonyeza kwa kubahatisha ukiwa peke yako. Ukikosea mara tatu, kadi inafungwa, na dukani nako itakataa, kwa sababu mhesabu wa makosa ni chipu ile ile.

Kile kinachosema ni kitu kingine kabisa. Vile vilivyopita mikononi mwangu ni vikubwa kuliko vya kawaida, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima, vitufe vimeachana, vinapanda juu ya ganda na vinashuka kwa mlio ukivibonyeza. Tano ina nukta. Kina spika, kina tundu la hedifoni, kina pa kupandishia sauti, na kitufe cha kurudia kilichosemwa. Ukichomeka kadi kinakuambia kimeiona. Kinakuuliza unataka nini. Ukiweka namba ya siri hakizitaji tarakimu, kinatoa mlio tu kwa kila moja, na ndivyo inavyotakiwa kuwa, maana chumbani kunaweza kuwa na mtu. Ukikosea kinasema umekosea. Mwisho kinatamka tarakimu nane, moja moja, kwa Kiingereza.

Mimi huvaa hedifoni ya kifaa sikio la kushoto, na ya kompyuta sikio la kulia. Nasikiliza tarakimu nne za mwanzo, naandika, kompyuta inanirudishia nilichoandika. Halafu nabonyeza kurudia, nasikiliza nne za mwisho. Mwanzoni ilinichukua dakika tatu nzima na jasho, sasa hata simu ikilia sipotezi mahali nilipofika. Na usiwe na haraka. Tarakimu za kisoma kadi hazifuati saa, zinafuata kile kihesabio cha chipu, kwa hiyo hazichachi baada ya nusu dakika kama za vile vifaa vingine vinavyobadilisha namba kila sekunde 30 au 60. Kinachoweza kukuponyoka ni kifaa kujizima chenyewe, au ukurasa wa benki kukutoa kwa kuona umekaa kimya. Ukurasa ukikutoa bila kukuonya, waandikie benki. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inayoitwa WCAG imesema tangu mwaka 2008 kwamba mtumiaji aonywe na apewe nafasi ya kuongeza muda.

Kikifika, kipime kwa jambo moja ambalo wengi hulisahau. Ukimlipa mtu mpya, kifaa hukuomba uandike kiasi, au sehemu ya namba ya akaunti ya mpokeaji, kabla hakijatoa tarakimu. Hapo ndipo kwenye kinga yenyewe: kama kompyuta yako imeingiliwa na mwizi, atabadilisha kinachoonekana kwenye kompyuta, lakini hawezi kubadilisha ulichokiandika kwa vidole vyako kwenye kifaa kilichojitenga. Kifaa cha sauti kinatakiwa kikurudishie kwa sauti namba hizo unazoziandika. Kikinyamaza hapo na kuja kusema tarakimu za mwisho tu, bado kimekuacha gizani mahali penye hatari kuliko pote, nawe urudi kwa benki ukawaambie hivyo hivyo.

Sasa sheria. Uingereza ina Equality Act ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya sheria ya ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1995 (Ireland ya Kaskazini wao bado wanatumia ile ya 1995). Kifungu cha 20 kinamtaka kila atoaye huduma afanye marekebisho yanayofaa ili mwenye ulemavu asiwekwe nyuma ya wengine, na marekebisho hayo yanajumuisha kumpatia kifaa cha kumsaidia. Kifungu hicho hicho kinakataza kumtoza gharama. Na kwa watoa huduma wajibu huo unatangulia: hawaruhusiwi kukaa wakisubiri asiyeona abishe hodi ndipo waanze kufikiria, wanatakiwa wawe wamejiandaa kwa ajili yake kabla hajafika. Kwa hiyo ukipiga simu huombi hisani. Unadai kitu ambacho walitakiwa wawe nacho kabatini. Barclays wamekuwa na PINsentry ya sauti kwa wateja wao, HSBC wamekuwa na Secure Key ya sauti. Hakuna benki kubwa ya nchi ile inayoweza kusema haijawahi kusikia habari hizi.

Ukipiga, usianze na anayepokea simu za kawaida ukamsimulia maisha yako yote, utachoka. Omba uunganishwe na watu wa huduma kwa wateja wenye ulemavu. Sema: mimi ni mteja nisiyeona, naomba kisoma kadi chenye sauti, na naomba ombi hili liandikwe kwenye kumbukumbu za akaunti yangu kama "reasonable adjustment". Maneno hayo mawili ya Kiingereza yatamke vivyo hivyo, maana ndiyo ya kisheria na ndiyo yanayowafanya wakae sawa. Andika, au mwombe mtu akuandikie, tarehe, saa na jina la uliyeongea naye. Papo hapo omba barua zao na taarifa za akaunti zikujie kwa njia unayoitaka, iwe maandishi makubwa, sauti au nukta nundu. Usimwache binti awe msomaji wa barua zako za pesa kwa sababu tu hukuuliza.

Wakikujibu tena "pakua programu", waambie hivi: simu yangu haina uwezo huo, na wajibu wenu haumalizwi kwa kunitajia kitu nisicho nacho. Kisha sema neno lingine moja, kwamba unatoa malalamiko rasmi. Malalamiko rasmi yana saa yake. Benki ina wiki nane kukupa jibu la mwisho, na kwa malalamiko ya huduma za malipo kawaida ni siku 15 za kazi. Jibu lisiporidhisha, au muda ukipita kimya, unakwenda kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa mambo ya fedha, bila malipo na bila wakili. Ukishapata jibu la mwisho la benki una miezi sita ya kupeleka shauri lako. Njia ya mahakama nayo ipo, na muda wake ni miezi sita kasoro siku moja tangu ukosefu ulipotokea, kwa hiyo usilale ukidhani msuluhishi anakusimamishia saa ya mahakama. Shirika la wasioona la Uingereza, RNIB, lililoanzishwa mwaka 1868 na ambalo limepigania mashine na vifaa vya benki miaka mingi, lina simu ya ushauri kwa wasioona. Wapigie wakusaidie kuandika barua.

Wanaweza pia kukushauri umteue mkeo au ndugu awe na mamlaka juu ya akaunti yako. Kwa anayetaka ni njia halali. Wewe hukuomba hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 12, unataja haki ya mtu kusimamia mambo yake ya fedha mwenyewe. Akili yako nzima, mikono yako mizima; kilichopungua ni kifaa cha kukusomea tarakimu nane.

Nisiionee simu janja, nayo ina faida zake. Tangu mwaka 2009 iPhone zinakuja na VoiceOver na Android zina TalkBack, yaani visoma skrini vinavyotamka kilichoko kwenye kioo cha simu, na mtu aliyezoea anafanya mambo ya benki kwa simu haraka kuliko kwa kisoma kadi. Ukiwa tayari siku moja, jifunze. Kwa sasa ningekushauri uchukue kifaa cha sauti kwanza, kwa sababu programu za benki nyingine nimezipima na kukuta mitego: kibodi ya namba ya siri inayochanganya tarakimu kila ukiifungua, vitufe visivyo na jina ambavyo simu inavisoma "kitufe, kitufe, kitufe", na picha ya uso inayokutaka uweke kichwa ndani ya duara usiloliona. Zipo hata zinazokataa kufunguka zikiona kisoma skrini kimewashwa kwenye Android, zikidhani ni programu ya wizi. Ukiamua kuhama, jaribu kwanza kwenye simu ya rafiki, na kwenye iPhone jifunze kuzima picha ya kioo kwa kugonga mara tatu kwa vidole vitatu: simu inaendelea kusema kwenye hedifoni na jirani yako ndani ya basi haoni kitu.

Njia nzuri zaidi zinakuja. Miongozo ya WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inasema mtu asilazimishwe kukariri au kunakili tarakimu ili aingie, bila kupewa njia nyingine. Funguo za kuingilia zinazokaa ndani ya simu au kompyuta na kufunguliwa kwa alama ya kidole zinafuata njia hiyo, na kwetu ni nafuu kubwa. Kama una ndugu Ujerumani, Uholanzi au kwingineko katika Umoja wa Ulaya, wao tangu tarehe 28 Juni 2025 wana sheria ya Ulaya inayotaja huduma za benki kwa wateja wa kawaida, pamoja na njia za kujitambulisha na usalama wake, kwamba lazima zifikiwe na wenye ulemavu. Wanaihitaji. Ujerumani kulienea kifaa ambacho unatakiwa ukiegemeze kwenye kioo cha kompyuta, sawasawa juu ya mistari mitano inayowaka na kuzimika, kisome mwanga. Mtu asiyeona akiegemeze wapi? Waliokitengeneza walikuwa mafundi hodari, na hakuna aliyefumba macho dakika moja akajaribu.

Jambo moja zaidi kwa upande wako: benki nyingine hutuma tarakimu kwa simu ya sauti, mashine inakupigia na kuzitamka. Kwa simu ya vitufe hiyo inafaa, mpaka kifaa chako kifike. Tarakimu hizo unaziandika wewe kwenye ukurasa wa benki tu. Mtu hai akikupigia, hata ajue jina lako lote na tawi lako, akakuomba umtajie, kata simu. Matapeli wanajua kwamba asiyeona hawezi kuona namba inayopiga.

Sasa mdogo wako. Yeye hana kifaa cha benki, lakini shida ni ile ile imevaa kanga nyingine. Akipiga *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom, au namba ya mtandao wake, menyu inakuja, na kabla simu haijamaliza kuisoma mtandao unakata. Mwisho anampa wakala simu, na namba ya siri anaitaja kwa mdomo mbele ya waliopanga mstari. Nimewasikia wengi wakifanya hivyo, Tanga, Mombasa, Bujumbura, na nawaelewa. Lakini wakala asipewe namba ya siri, hata awe mtu wa dini, hata awe binamu.

Kama kuna pesa unayoweza kumtumia, mnunulie simu janja ya Android ya bei ya kawaida. TalkBack haiuzwi, imo ndani, na sauti ya Kiswahili ya Google ipo, asisumbuke na Kiingereza. Kijana mmoja mwenye kuona amwashie mara ya kwanza na kumruhusishia mkato wa vitufe viwili vya sauti, ambavyo akivishikilia pamoja kwa sekunde chache TalkBack inawaka au kuzimika. Kupapasa kwa kidole kimoja kunasoma, kugonga mara mbili kunachagua. Atumie programu ya mtandao wake badala ya ile menyu inayokatika, na kwenye mipangilio ya sauti za nywila aweke zitamkwe kwenye hedifoni tu. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na iliridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Akikwama na kampuni ya simu, Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, ndio wa kwanza kuwaendea, maana malalamiko ya mtu mmoja kaunta huyasahau lakini barua ya chama inajibiwa.

Mwambie asitoke kwa wakala kabla ujumbe haujaingia na TalkBack haijausoma wote. Na mara ya kwanza atume shilingi elfu moja kwa mtu wa nyumbani, aketi naye chumba kimoja, asikilize jina na kiasi mpaka mwisho, mwenzake athibitishe kwamba imefika. Akishafanya hivyo mara tatu, ndipo alipe ada ya watoto.